Mhadhara wa Kigoda cha Orodha

Ndugu Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye pia ni mimi, waheshimiwa wageni waalikwa, mliothibitisha kufika na mkaacha kufika, ndugu finalisti, ndugu fresha mliopotea njia mkitafuta kafeteria, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na aliyeona haikuzingatiwa aandike barua.

Nianze kwa kujitambulisha, maana mtu mkubwa akisubiri kutambulishwa na wengine anaweza kupitwa na chakula. Mimi ni Mtaalamu Mwelekezi, Mshauri Mkuu, na hadi tunapozungumza mwanachama pekee wa taaluma ya Orodha za Mambo ya Kufanya Kabla ya Mahafali, ukanda wa Afrika Mashariki na Kati. Niliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati shilingi 500 bado ilikuwa noti. Wenye kumbukumbu wanajua sarafu ya 500 ilitoka mwaka 2014. Wenye adabu hawataendelea na hesabu hiyo. Wenzangu niliokuja nao leo ni mameneja, ni mahakimu, na mmoja ameoa dada yangu. Mimi nimebaki kwa ajili ya utafiti. Zipo ofisi ambazo kubaki kwangu huku zinakuita kwa jina jingine, lakini hilo ni suala la istilahi na halipo kwenye ajenda.

Kuhusu kigoda. Chuo hiki kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa 2008, na wasomi wakubwa wamekikalia. Kigoda changu ni cha plastiki, chekundu, mguu mmoja umefungwa waya, na mama ntilie anakihitaji kabla ya saa saba, wateja hawajajaa. Kwa hiyo sitarefusha dibaji.

Kila mwaka, muhula wa pili unapochanganya, finalisti huingiwa na homa. Mtu amekaa mjini miaka mitatu, njia anazozijua ni ya darasani, ya kwenda kula na ya kwa mpenzi wake. Ghafla anashtuka usiku: naondoka Dar sijaona kitu! Asubuhi anawakusanya wenzake kwenye kimbweta, wanachana karatasi kwenye daftari la mmoja wao, wanaanza kuandika. Tutafanya hiki, tutakwenda kule, tutakula kile. Wanacheka, wanagongeana mikono. Na hapo ndipo maafa yanapoanzia, kwa sababu wanaandika bila mtaalamu.

Turudi kwenye historia, kwa kuwa mhadhara usio na historia ni tangazo tu. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia huku kilimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Tazameni mpangilio huo: kuanza, kuhama, kujitegemea. Vipengele vitatu, miaka isiyofika tisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika kwamba simu imeisha chaji. Yoweri Museveni naye alisoma hapa hapa. Nimepekua kila mahali, sijaona ushahidi kwamba aliwahi kuandika orodha, na tangu 1986 nyote mnajionea: mtu asiye na orodha hajui kazi yake imekwisha lini. Walter Rodney alifundisha hapa, na mwaka 1972 kikatoka kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mchango wangu nao umekamilika. Uko steshenari, unasubiri mtu wa kuulipia.

Sasa nadharia. Taaluma hii ina kanuni saba. Leo nitatoa mbili. Zilizobaki ni za waliolipa ada.

Kanuni ya kwanza: kipengele lazima kipimike. “Kufurahi na marafiki” hakipimiki, na mtu aliyeandika hivyo kwenye orodha yake arudishwe mwaka wa kwanza. “Kula mihogo ya Coco Beach, sahani moja, yenye pilipili na kachumbari” kinapimika. Kanuni ya pili: kisichopigwa picha hakijafanyika. Mishkaki iliyoliwa kabla ya kupigwa picha haijaliwa. Mlaji anaweza kujisikia ameshiba, lakini kitaaluma bado ana njaa, na asije kwangu kubishana huku anachokonoa meno.

Baada ya msingi huo imara, niwaletee uchunguzi kifani. Mwaka wa masomo 2024/2025 niliwafuatilia marafiki wanne. Maadili ya utafiti hayaniruhusu kuwataja, na wao hawakuniruhusu kuwatafiti, kwa hiyo tuko sawa. Mtafitiwa A ni mvulana wa uhandisi. B ni msichana wa sheria. Kwake hakuna sentensi isiyo na pingamizi. C ni msichana wa Kiswahili, kwao Dodoma, ndiye mwandishi wa kumbukumbu. D ni mvulana wa uchumi, mweka hazina, mwenye kauli moja tu tangu Januari: “Tusubiri bumu,” yaani fedha za mkopo. Ufuatiliaji na tathmini niliufanya kwa njia ya kisasa, yaani wao walikwenda na mimi nilibaki kwenye kimbweta nikipokea ripoti. Mtaalamu hachafui viatu. Daktari wa meno hangʼoi la kwake.

Kipengele chao cha kwanza kilikuwa picha mbele ya Ukumbi wa Nkrumah huku wameshika noti ya shilingi 500, ile iliyokuwa na picha ya ukumbi huo huo. Kwenye karatasi ni wazo safi. Tatizo ni kwamba Benki Kuu ilikuwa imetangaza kuziondoa noti hizo, na wananchi wakapewa kuanzia Januari hadi mapema Aprili 2025 kuzirudisha benki. Kwa hiyo wakati taifa zima linazipeleka, watoto hawa wanazitafuta. Waliuliza kwa makonda wa daladala, wakauliza kwa wauza vocha Mwenge, wakamuuliza mlinzi mmoja mzee ambaye aliwaombea dua. Hatimaye D aliipata kwa muuza karanga aliyekuwa ameikunja ndani ya kitambulisho kama kumbukumbu. Mwenye mali akakataa kuiachia kwa 500. Wakavutana. D, mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa tatu, mwenye alama nzuri za nadharia ya fedha, akanunua shilingi 500 kwa shilingi 1,000.

Nimelitafakari sana tukio hilo. Nadhani linatosha kuwa tasnifu, ila si yangu.

Wakafika Nkrumah. A akawapanga, B akashika noti, C akarudi nyuma hatua kadhaa ili paa la zege liingie lote kwenye picha. Mfuko wa maandazi ukawekwa chini. Waliosoma Mlimani wamekwisha kujua kilichofuata. Tumbili alishuka bila haraka, akauchukua mfuko kwa mkono mmoja kama aliyetumwa na mama yake, akapanda mtini na kuanza kula akiwatazama. Picha iliyopatikana inaonyesha watu watatu wamegeuza visogo, noti imepeperuka, na ukumbi haupo. B alisema isajiliwe kama ilivyo. Mimi niliwaandikia rasmi kwamba tumbili hayumo kwenye orodha, na kwamba kumwingiza mdau mpya katikati ya mradi kunahitaji kikao. Hawakujibu. Niliambiwa tu kwamba ile picha ndiyo waliyoiweka kwenye simu zao wote wanne.

Niingie sasa kwenye jambo linaloniuma kama msomi. Kila siku ya Mungu, makonda wa jiji hili wanapayuka: “Makumbusho, Makumbusho!” Watu wanapanda, wanashuka, wananunua maji, wanapanda gari jingine. Na Kijiji cha Makumbusho chenyewe, ambacho kituo kimechukua jina lake, kipo hapo hapo Kijitonyama tangu 1966, kikiwa na nyumba za jadi za makabila yetu, zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi kama zilivyo vijijini. Unaweza kumkuta finalisti ambaye tangu aje Dar ameshuka Makumbusho mara nyingi kuliko alivyoingia darasani, na hajawahi kuvuka lile geti. Kipengele hiki nilikipitisha bila marekebisho.

Waliingia. Kwenye msonge wa Wahaya, A aliinama kupita mlangoni na hakutoka. Wenzake walidhani ameanguka. Kumbe amelala chali katikati ya nyumba, anahesabu miti ya paa na kuuliza kwa sauti mzigo unashukaje mpaka chini bila nguzo za zege. Mwongoza wageni alimngoja kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wahandisi. Walipofika kwenye tembe la Wagogo, C akasimama, akalizunguka, akagusa ukuta. “Hii ni nyumba ya bibi,” akasema. Si kwamba inafanana. Kwa maneno yake, ilikosekana mbuzi tu. Akapiga simu nyumbani papo hapo, akaweka sauti ya juu, akamweleza bibi kwamba nyumba kama yake imewekwa makumbusho na watu wanalipa kiingilio kuitazama. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza hiyo pesa inakusanywa na nani. B akasema swali hilo ni la msingi na kwamba yuko tayari kumwakilisha.

Kwa ukali wa kitaaluma nililazimika kukata alama. Simu ya bibi haikuwa na kipengele.

Kigamboni nitapita haraka. Daraja lilifunguliwa 2016, na wapo wanaovuka kwa daraja kisha wakatia alama kwenye orodha zao. Hao ni wasafiri wa kawaida. Kuvuka ni kwa kivuko, umebanwa katikati ya bodaboda na kapu la kuku, upepo wa bahari unakupiga usoni. Watafitiwa walivuka vizuri wakarudi vizuri. Kosa lilitokea Soko la Feri, ambako mnada wa samaki ulimpandisha D mori. Alikwenda kutazama, akajikuta amenyoosha kidole. Wakapanda mwendokasi pale Kivukoni kuelekea Ubungo, jioni, wakiwa na vibua ndani ya mfuko wa karatasi uliokuwa umeanza kulowa. Wote tunaujua mwendokasi wa jioni. Lakini siku hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za C, abiria waliwapisha kila upande, na watu wanne walipata nafasi ya kunyoosha mikono mpaka Ubungo. Napendekeza mamlaka husika zilichunguze jambo hilo kama suluhisho la msongamano.

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. A alikuwa ameandika: “Safari ndefu ya treni, tupige stori, tucheze karata mpaka tuchoke.” Mtoto wa watu alikuwa na picha ya babu yake akisafiri na treni ya zamani, ya kulala na kuamka bado uko njiani. Wakabeba karata, wakabeba chapati, B akabeba mto wa kuegemea. Ndani ya saa mbili hazijatimia wako Morogoro, karata hazijachangʼanywa mara ya tatu. A alishuka amenuna, anasema treni imemdhulumu. Waliitazama Milima ya Uluguru, wakanunua mkungu wa ndizi, wakaulizana warudi sasa au baadaye. Nilipoulizwa maoni nilisema wazi kwamba kosa ni la orodha, haikuainisha mwendo.

Kisha mechi ya watani wa jadi. A ni Yanga, C ni Simba, na orodha ilisema waingie Uwanja wa Mkapa pamoja, jambo ambalo mtaalamu yeyote angelizuia. Tarehe 8 Machi 2025 walikwisha kuvaa jezi, wamepaka rangi usoni, ndipo ikatangazwa kwamba mechi imeahirishwa. Walibaki kituoni, mmoja kijani na njano, mwingine nyekundu na nyeupe, hawana pa kwenda. Ikachezwa Juni 25, mitihani ya mwisho inabisha hodi. Yanga wakashinda 2-0. Kumbukumbu za siku hiyo hazikuandikwa, maana mwandishi alikuwa hasemi na mtu.

Sasa nifike kwenye kashfa yenyewe.

Nilipokusanya ripoti zote nikazipanga kwa mujibu wa kanuni, niligundua kwamba sehemu kubwa ya muda wa watafitiwa ilikwenda kwenye safu ambayo C aliiita “Mengineyo”. Na katika Mengineyo kuna tukio moja limeandikwa kurasa tatu, wakati Nkrumah, alama ya taifa, imepewa mistari sita. Ilikuwa wanatoka Coco Beach, jioni ya Jumapili, mvua ya masika. Daladala ikazimika Mwenge. Konda akawaambia abiria washuke wasukume. Wakashuka, wakasukuma, gari likawaka, likaondoka bila wao. Wakakimbilia chini ya bati la banda la mchonga vinyago. Fedha iliyobaki kwa D, baada ya mihogo na nauli iliyokwishalipwa, ilitosha hindi moja la kuchoma.

Hindi moja, watu wanne. D akasema ligawanywe kwa safu za punje, kila mtu safu zake. B akapinga, kwa hoja kwamba safu hazilingani urefu na hakuna aliyekubaliana mapema nani anaanzia wapi. A akatoa rula mfukoni. Naomba msicheke, alikuwa nayo kweli, ya sentimita kumi na tano, na alianza kupima hindi la moto kwa rula ya plastiki mpaka rula ikapinda. Mchonga vinyago akaweka patasi chini ili atazame vizuri. Wakati hoja ya B inaingia kifungu cha pili, C alikuwa amekwisha kula nusu ya hindi.

Kwa maelezo yao walicheka mpaka mvua ikakatika bila wao kujua. Wakatembea kwa miguu hadi chuoni, viatu mkononi. Hakuna picha. Simu zilikuwa zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Hakuna hata kipimo, maana rula iliharibika. Nimejaribu kulipachika tukio hili chini ya “Usafiri wa umma”, chini ya “Vyakula vya asili”, chini ya “Kutembelea wasanii”, halikai. Niliwaita wanne hao niwahoji, nao badala ya kujibu maswali ya dodoso wakaanza kugombana upya kuhusu lile hindi, C anadai ilikuwa robo, B anaomba ushahidi, na kikao changu kikavunjika kwa vicheko. Mtu mmoja kati yao, sitamtaja kwa sababu za kimaadili, alijipangusa machozi kwa dodoso langu.

Wenzangu wananiuliza, basi Profesa, matokeo ni yapi? Nitayasoma. Lakini kuna kipengele cha mwisho lazima nikitaje, kwa kuwa ndicho nilichokiweka mimi mwenyewe. Niliwataka waingie maktaba mpya, iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa China na yenye uwezo wa kubeba vitabu 800,000, wachague kimoja kisicho cha kozi, wakisome mwanzo hadi mwisho. Ni kipengele kisicho na nauli. Hakina tumbili. Kiko hatua chache kutoka wanapolala. Wakaingia wote wanne, kila mmoja akachukua kitabu, wakakaa meza moja, na ule ubaridi wa ndani, baada ya jua la nje, ukafanya kazi yake. Waliamshwa wakati wa kufunga. B ana alama ya ukurasa shavuni hadi kwenye picha ya mahafali.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natamka kwamba watafitiwa A, B, C na D wamefeli. Orodha yao ina mapungufu ya ushahidi kwenye Nkrumah, ina simu ya bibi isiyo na kibali, ina vibua visivyo na bajeti, na ina hindi ambalo sayansi haiwezi kulieleza. Nawapa sapu ya kipengele cha maktaba, waje Septemba. Nasikia A amekwisha kupata kazi Mwanza, C yuko Dodoma kwa bibi, D anasubiri usaili, na B amewaandikia wenzake kwamba Septemba wote waje hiyo sapu, kwa sharti kwamba watapitia Mwenge kwanza. Hiyo si sababu halali ya kuja kwenye sapu na nitaikatia rufaa.

Ndugu finalisti mnaobaki: fomu za usimamizi wa orodha zinapatikana kwangu, kimbweta cha tatu kutoka kwa mama ntilie, ada shilingi 5,000 isiyorudishwa. Njooni na kalamu zenu. Na anayetafuta noti ya 500 asiende kuuliza kwa D, anauza kwa shilingi 2,000. Maswali hayatapokelewa, kigoda kinahitajika.